Mgeni hupewa jembe siku gani? Maswali ya kila siku ya wageni wa Kawangware na Kibera

WAHENGA walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutumiwa sana kumsuta mgeni asiyejua kuaga, lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo husahaulika. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa boma hilo. Hapikiwi tena, analima.

Katika mitaa ya Kawangware na Kibera jijini Nairobi, swali la siku ya tatu ni la kila siku. Humo mnaishi maelfu ya watu waliozaliwa Bukavu, Goma, Bujumbura, Kigali, Kampala na Mwanza. Majirani hawachelewi kuwapa jembe: huwakodishia chumba, huwakopesha unga na kuwaingiza katika chama. Kinachochelewa ni karatasi, na kuchelewa kwake huwagharimu fedha, usingizi na wakati mwingine mustakabali wa watoto wao.

Makala haya yanaeleza maswali yanayomkabili mgeni wa mitaa hiyo, kuanzia salamu ya asubuhi hadi ombi la uraia, na yale ambayo sheria za Kenya zinasema kuyahusu.

MAJIRANI WAWILI, SHERIA MOJA

Kawangware iko magharibi mwa katikati ya jiji, na wakazi wengi huitambua kwa nambari za matatu zinazoishia huko: 46 na 56. Upande mmoja mtaa huo unapakana na Lavington, makao ya wanabalozi na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa. Mwendo wa dakika chache tu kwa miguu hutenganisha vyumba vya mabati na nyumba zenye bustani na walinzi.

Pande zote mbili zina raia wa kigeni, na kitabu cha sheria kinachowahusu ni kimoja. Tofauti ni kwamba yule wa Lavington huitwa mtaalamu wa kigeni. Mwajiri ndiye humshughulikia kibali, na nyumba hutafutiwa kabla hajashuka kwenye ndege. Yule wa Kawangware huitwa mkimbizi hata kama si mkimbizi, na kila kitu hujitafutia mwenyewe.

Sababu za kuchagua Kawangware si ngumu kuelewa. Chumba hupatikana kwa kodi ya mwezi bila mkataba mrefu. Vibarua vya kufua, kupika na kujenga viko karibu, Lavington na Kilimani, ambako mtu hufika kwa miguu. Aidha, yapo makanisa ambamo ibada huendeshwa kwa Kiswahili cha Kongo, Kilingala au Kinyarwanda, na ni hapo ambapo mgeni mpya hupata habari za kazi na malazi kabla ya kufika kwenye ofisi yoyote.

Wakongo wamejulikana kwa kuuza vitenge, kushona nguo na kusuka nywele. Vijana wa Burundi nao huonekana katika barabara nyingi za jiji wakitembeza njugu karanga.

Ugeni huo si wa jana. Mwaka 1976 kundi la Les Mangelepa liliundwa Nairobi na wanamuziki waliotoka Zaire, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Samba Mapangala aliunda Orchestra Virunga katika jiji hilo hilo. Wakenya waliwacheza na kuwapenda. Hata hivyo, katika muongo huo wa 1980 wanamuziki wengi wa kigeni walipata taabu ya vibali vya kazi na baadhi yao wakalazimika kuondoka. Sifa haikutosha kuwa karatasi.

KISWAHILI KIMOJA, MASIKIO MENGI

Mtu angedhani kwamba lugha haitampa taabu mgeni kutoka Kongo mashariki au Tanzania, kwa kuwa amelelewa na Kiswahili. Ukweli ni kwamba Kiswahili ndicho kinachomfichua kwanza.

Anayetoka Goma husema "jambo" kwa moyo safi, kama alivyofunzwa na mamake. Nairobi neno hilo limeachiwa watalii. Kijana wa mtaani hutarajia "sasa" na jibu lake ni "poa". Mtanzania naye humwamkia mzee wa ploti "shikamoo", akashangaa kuona mzee anasita kabla ya kukumbuka "marahaba".

Sokoni mambo huzidi. Muuzaji akitaja "mbao" anataka shilingi 20, "finje" ni shilingi 50, "soo" ni shilingi 100 na "thao" ni shilingi 1,000. Kwa Mtanzania mbao ni za seremala, na noti ya elfu kwao ni "buku". Mkongo, ambaye fedha huziita "falanga", hulazimika kujifunza kuhesabu upya.

Chakula nacho kina tafsiri yake. Majani ya muhogo ambayo Mkongo huyaita sombe, na Mtanzania kisamvu, si mboga iliyozoeleka Nairobi, ambako sukuma wiki ndiyo mfalme. Dagaa huitwa omena. Ugali wa Nairobi ni wa unga wa mahindi, ilhali aliyezoea fufu ya muhogo huuona kama chakula cha nchi nyingine. Umeme nao huitwa stima, neno ambalo kwa mzee wa mwambao lilikuwa la meli.

Haya ni mambo ya kuchekesha mpaka siku mgeni anaposimamishwa na askari usiku. Hapo neno moja lililotamkwa kwa lafudhi ya mbali hutosha kuleta swali la pili: "Kitambulisho kiko wapi?"

CHUMBA, MAJI NA JIRANI

Chumba cha kawaida katika mitaa hii ni cha futi 10 kwa 10. Mpangaji hulipa kodi mwanzoni mwa mwezi, na mara nyingi hutakiwa kuweka amana ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba haonekani sana. Anayejulikana ni msimamizi wa ploti, ambaye hupokea kodi, hugawa zamu za kufagia na kuamua stima izimwe lini.

Jambo la kwanza ambalo mgeni hushauriwa na waliomtangulia ni kudai risiti au kulipa kwa njia ya simu, ili malipo yaache alama. Aliyelipa taslimu bila shahidi hana la kusema siku msimamizi atakapobadilishwa.

Kibera kuna utata zaidi. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya serikali, kwa hivyo anayekodisha chumba aghalabu humiliki mabati na kuta, wala hana hatimiliki ya ardhi iliyo chini yake. Mpangaji, awe mgeni au mwenyeji, anakodi kutoka kwa mtu ambaye naye hana uhakika.

Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na choo mara nyingi hutumiwa na familia kadhaa au hulipiwa. Mafuta ya kupikia, sukari na unga hupatikana kwa vipimo vidogo vidogo ambavyo wakazi huviita vya kadogo. Mgeni huona haraka kwamba kununua kwa kadogo ni ghali ukijumlisha mwezi mzima, lakini mwenye shilingi 20 mkononi hana mwezi mzima wa kujumlisha.

LAINI YA KUAZIMA

Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, maisha ya Nairobi yamehamia kwenye simu. Kodi, maji, nauli, mchango wa mazishi na mshahara wa kibarua vyote hupita humo. Asiye na laini iliyosajiliwa kwa jina lake ni kama mtu asiye na mfuko.

Usajili wa laini huhitaji kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya mgeni. Aliye na karatasi ya kusubiri tu hujikuta akiazima laini ya jirani. Mpango huo huenda vizuri kwa miezi, hata miaka. Kisha jirani huhama, hugombana na mumewe, hufariki dunia au huingiwa na tamaa, na akiba yote hubaki kwenye jina la mtu mwingine. Mgeni hana pa kushtaki, kwa sababu kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni ya simu fedha hizo hazijapata kuwa zake.

Kimbilio la wengi ni chama. Mkongo analijua jambo hilo kwa jina la likelemba, Mnyarwanda hulijua kama ikimina na Mtanzania huliita upatu. Wanachama huchanga kila wiki na kumpa mmoja wao fungu lote, kwa zamu. Chama hakiulizi pasipoti; huuliza ni nani atakayekudhamini. Ndiyo maana mwanamke aliyewasili juzi kutoka Bujumbura anaweza kupata mtaji wa genge lake la nyanya kutoka kwa majirani miaka mingi kabla ya benki kumfungulia akaunti.

SHERIA INASEMAJE?

Swali linaloulizwa zaidi ni hili: je, raia wa Afrika Mashariki anahitaji kibali kuishi na kufanya kazi Kenya?

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekelezwa Julai 1, 2010. Inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine bila viza, kukaa kwa pasi ya hadi miezi sita na kutafuta kazi. Tangu 2014, raia wa Uganda na Rwanda wanaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho chao cha taifa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2022, na kwa hatua hiyo Mkongo wa Kawangware akawa, angalau kwenye mkataba, ndugu wa jumuiya.

Lakini kuingia si kufanya kazi. Itifaki haikufuta vibali vya kazi, ilirahisisha kuvipata. Novemba 2017, akiapishwa kwa muhula wa pili, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba raia wa Afrika Mashariki wangehitaji kitambulisho tu ili kufanya kazi, kufanya biashara, kumiliki mali na hata kuoa Kenya. Watu wengi walilipokea tangazo hilo kana kwamba ni sheria. Ofisini mambo yalibaki ya vibali, na mnamo Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alikamatwa baada ya kutoa vitisho dhidi ya wafanyabiashara wa kigeni katika masoko ya jiji.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamtaka kila asiye raia anayekaa zaidi ya siku 90 ajisajili na kupata kadi ya mgeni. Anayepatikana nchini kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000, kufungwa hadi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Kwa muuza njugu, faini hiyo ni mapato ya miaka.

Mkimbizi ana njia yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua haki yake ya kufanya kazi akiwa na hati zinazotakiwa, na kuna kibali cha daraja la M kwa ajili yake. Sheria hiyo pia inampa mkimbizi kutoka nchi ya jumuiya hiari ya kuacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki za Afrika Mashariki. Uamuzi huo hauna budi kufikiriwa kwa makini, kwani anayeacha ukimbizi huacha pia kinga ya kutorudishwa alikokimbia.

Kukaa mjini kwenyewe kumepiganiwa mahakamani. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Shirika la Kituo cha Sheria lilikwenda Mahakama Kuu, ambayo mnamo Julai 2013 ilibatilisha agizo hilo. Hata hivyo, Aprili 2014 msako mkubwa wa polisi ulianza Eastleigh na mitaa mingine, na watu wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili wakaguliwe karatasi.

Mgeni anapokamatwa hapotezi haki zake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinamhusu kila aliyekamatwa: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama. Wanaojua hayo husaidika. Wasiojua huombwa "kitu kidogo", na wakikitoa leo huombwa tena kesho, kwa sababu sasa wanajulikana.

MTOTO WA MGENI

Katika orodha ya mambo yanayoahirishwa, usajili wa mtoto ndio unaoleta hasara kubwa kuliko yote.

Sheria ya Kenya inataka kila mtoto aliyezaliwa nchini aandikishwe, bila kujali uraia wa wazazi wake. Muda wa kawaida ni miezi sita. Baada ya hapo huwa ni usajili wa kuchelewa, wenye masharti zaidi. Wazazi wasio na karatasi huogopa kwenda ofisini wasije wakaulizwa habari zao, nao huona afadhali kusubiri.

Ni vyema ifahamike kwamba cheti cha kuzaliwa hakimfanyi mtoto kuwa Mkenya. Uraia wa kuzaliwa hutokana na mzazi: baba au mama akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya. Lakini bila cheti, mtoto hawezi kuthibitisha hata uraia wa nchi ya wazazi wake. Anakua akizungumza Sheng, akisoma shule ya Kawangware, na siku anapotimiza miaka 18 wenzake wakienda kuchukua vitambulisho, yeye hujikuta hana nchi ya kumdai.

FUNZO LA MAKINA

Anayetaka kujua hali hiyo huzaa nini, na aende Makina, Kibera, yaliko makao ya zamani ya Wanubi.

Mababu zao walikuwa askari wa Kisudani waliotumikia chini ya Emin Pasha katika jimbo la Equatoria. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwaajiri wengi wao, na baadaye walitumika katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa 1902. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwaweka askari hao na familia zao katika msitu uliokuwa pembeni mwa Nairobi, eneo la ekari zipatazo 4,200. Kwa lugha yao, Kinubi, waliuita Kibra, yaani msitu. Jina Kibera limetoka hapo.

Waliruhusiwa kukaa, lakini hawakupewa hati ya ardhi. Serikali ya kikoloni haikuwatambua kama wenyeji wa Kenya, wala haikuwarudisha Sudan. Uhuru ulipopatikana 1963, walikuwa wamezaa watoto na wajukuu Kibera, ilhali msimamo wao kisheria ulibaki wa mtu aliyepitia njiani.

Kwa miongo mingi kijana wa Kinubi aliyeomba kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati ya uchujaji na kutakiwa kuthibitisha asili ya wazazi wake na ya babu zake, jambo ambalo Wakenya wengi hawakuulizwa. Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia na ya kutobaguliwa. Juni 2017, Rais Kenyatta aliwakabidhi hatimiliki ya ekari 288. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 100.

Wanubi hawako peke yao. Wamakonde walitambuliwa rasmi kama kabila la Kenya mwaka 2017, na Desemba 2020 serikali ilitangaza kuwapa uraia Washona waliotoka Zimbabwe, ambao wengi wao wanaishi Kiambu. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uchujaji wa ziada uliokuwa ukiwaandama wakazi wa kaskazini mashariki wanapoomba vitambulisho. Katika visa vyote hivyo waliotambuliwa hawakuwa wamefika jana. Walikuwa wamezeeka wakisubiri.

MIAKA SABA NA KISWAHILI

Je, mgeni wa leo anaweza kuwa Mkenya? Katiba inajibu kwamba anaweza. Aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo anaweza kuomba uraia, na aliyefunga ndoa na Mkenya kwa miaka saba ana haki ya kuandikishwa akiomba. Si lazima aukane uraia wake wa kwanza kwa upande wa Kenya, ingawa baadhi ya nchi huukataa uraia wa nchi mbili.

Neno zito hapo ni "kihalali". Aliyekaa Kawangware miaka 20 bila kadi hana hata siku moja ya kuhesabiwa. Aliyejisajili mapema, akahuisha kibali chake na kutunza nakala za karatasi zake, huanza kuhesabu tangu siku hiyo.

Sharti jingine ni kwamba mwombaji aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha ya kienyeji. Kwa sharti hili mama kutoka Bukavu, aliyesalimu "jambo" na kuchekwa sokoni, yuko mbele ya wengi.

Kwa hivyo ushauri ambao wageni wazoefu huwapa wapya ni mfupi. Sajili jina lako kabla ya siku 90 kwisha. Mwandikishe mtoto kabla ya miezi sita kutimia. Usiweke akiba kwenye laini ya mtu. Lipa kodi kwa njia inayoacha alama. Ukikwama, yapo mashirika kama Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya yanayotoa msaada wa kisheria.

Hayo yote ni wajibu wa mgeni. Upo pia wajibu wa mwenyeji. Majirani wa Kawangware na Kibera hutimiza sehemu yao ya methali kila siku, bila kuagizwa na yeyote. Historia ya Makina inaonyesha kwamba dola inaweza kumtumia mgeni jeshini, ikamwacha alime, ajenge na kuzikwa papo hapo, na bado ikawaita wajukuu zake wageni. Mtu akishalishika jembe kwa vizazi vinne, swali la alikotoka babu yake halipaswi tena kumzuia kupata kitambulisho.